Nauli Hupanda Kabla ya Abiria

Pale kijiweni kwetu Chikongola, kwenye benchi la muuza kahawa, kuna watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ni kwenda Masasi msibani na kurudi, lakini waguse kwenye habari za ndege uone. Mmoja ni wa Emirates kindakindaki. Mwingine ni wa Ethiopian. Atakuambia shirika lile lilianzishwa 1945, babu zetu wakiwa bado wanamlipa Mwingereza kodi ya kichwa, na mpaka leo halijampigia mtu magoti. Wa tatu ni mzalendo. Ukitamka neno baya juu ya yule twiga wa Air Tanzania, anaondoka na kikombe cha watu. Asubuhi nzima wanabishana nani atamfilisi nani. Mimi natafuna kashata yangu na kujiuliza: huo ushindani wanaotokwa jasho kwa ajili yake, Mtwara utafika lini?

Maana unakoishia napajua. Unaishia Dar. Pale Uwanja wa Julius Nyerere kuna lile jengo la tatu, lilifunguliwa 2019, sakafu inameta mpaka unatamani kuvua viatu mlangoni. Emirates, Qatar, Turkish, KLM, Kenya Airways, RwandAir, wote wanamvizia abiria yule yule. Anayekwenda ng'ambo anabembelezwa: pita kwetu Doha, hapana, pita kwetu Istanbul, kwetu Addis ni karibu zaidi, begi la pili leta tu. Anayekwenda Mtwara anaambiwa ipo moja, ikijaa imejaa.

Huku kwetu nauli hupanda kabla ya abiria. Ukiuliza Jumatatu, unatajiwa bei. Unarudi nyumbani kushauriana na mama watoto, kwa sababu pesa kama ile si ya mwanamume kuiamulia peke yake. Jumanne ukienda, imepanda. Ukinuna, Jumatano imepanda tena, yaani wamekuona ulivyonuna. Na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Oktoba minada ikianza, wanunuzi, wakaguzi, wajumbe wa kamati hii na ile, pamoja na wale jamaa wa kangomba, walanguzi wa korosho, waliojificha ndani ya suti, wote wanataka kiti cha dirishani. Mkulima wa Nanyamba aliyepuliza salfa mpaka akawa anakohoa njano, yeye anaitazama ndege ikipita juu ya mikorosho yake, imebeba watu wanaokwenda kujadili bei ya korosho zake.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nikasema pale kijiweni: basi hao wageni waruhusiwe waje mpaka huku. Kenya Airways itue Mtwara, ipakie watu, iwashushe Dar, tuone kama nauli haitakaa chini. Mzalendo akasimama. Nikakishika kikombe changu mapema.

Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye maktaba yetu tangu ile nyingine ianze kufungwa mchana, akakohoa kidogo.

"Baba Somoe, hilo halipo. Kuna Mkataba wa Chicago wa 1944. Anga ya nchi ni mali ya nchi. Mgeni anaweza kukubaliwa alete watu Dar na kuchukua watu Dar. Lakini kuwatoa Watanzania mji mmoja na kuwashusha mji mwingine humu humu ndani, nchi ina haki ya kukataa, na nchi nyingi duniani zinakataa."

Mwaka 1944! Jamani, mwaka huo huu mji wetu haujajengwa. Mji ulikuwa Mikindani. Mtwara hii ya bandari na barabara zilizonyooka ilikuja baada ya vita, Waingereza walipoingiwa na wazimu wa karanga. Wakachimba bandari, wakatandika reli hadi Nachingwea, karanga zikagoma kuota walivyotaka, na reli ikang'olewa. Kwa hiyo sisi tulinyimwa ushindani wa ndege tukiwa bado hatujawa hata mji. Kuna watu wana bahati zao.

Mwalimu alipoona nimekodoa macho, akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita, akamfanya zana ya kufundishia.

"Kijiwe chako wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mwalimu. Mikindani."

"Marahaba. Ukileta abiria hapa sokoni?"

"Nashusha, naondoka."

"Na ukimpakia mtu wa hapa wa kwenda Ligula?"

Kijana akacheka kwa uchungu wa mtu aliyewahi kujaribu. "Wa hapa watachomoa funguo, mwalimu."

"Chicago hiyo. Haya, tuseme umeleta mzigo kutoka Mikindani, ukashusha, halafu ukapakia mzigo wa hapa kuupeleka Naliendele?"

"Hapo wanachomoa funguo na plagi."

"Huo wanauita uhuru wa tano," mwalimu akasema, akatugeukia. "Ndio waliougombania Dar na Nairobi Januari 2024. Air Tanzania ilitaka ndege yake ya mizigo ipakie Nairobi kwenda nchi nyingine, Kenya ikakataa. Tanzania nayo ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haileti abiria Dar. Mawaziri wakapigiana simu, tarehe yenyewe haijafika wakawa wamepatana."

Ona sasa. Watu wa Dar na Nairobi walitishiwa tu, mawaziri wakanyanyua simu. Mimi nanyanyuliwa nauli kila Jumanne na hata karani wa mawaziri hajawahi kunibipu.

Mzalendo akaona ndipo pa kuingilia. Akasema bora hivyo hivyo, tunalinda cha ndani. Hapo ndipo aliponichokoza kweli, kwa sababu hicho cha ndani nami nimekifuatilia. Jumuiya ilipovunjika 1977, East African Airways ikafa nayo, tukaanzisha letu. Sawa. Mwaka 2002 tukaliuzia South African Airways asilimia 49 ya shirika hilo hilo, ndoa ikavunjika 2006. Na Precision Air, mtoto wa Arusha, mwaka 2003 akawauzia Kenya Airways asilimia 49. Kwa hiyo kuna kipindi hapa kati ambapo mashirika yetu mawili ya ndani, moja karibu nusu yake lilikuwa Johannesburg na jingine karibu nusu yake lilikuwa Nairobi. Na huyo wa Nairobi naye tangu 1996 alikuwa na Mholanzi wa KLM sebuleni, ameshika asilimia 26. Nikamuuliza mzalendo: hapo ukiwa unapigania cha ndani, unampigania Msukuma au Mholanzi? Akanywa kahawa yake kimya. Ilikuwa imeshapoa.

Lakini haki nitaisema. Tangu 2016 serikali iliponunua zile Bombardier za kutoka Kanada, zenye viti 76, kidogo tulianza kuheshimiwa. Mwaka 2018 likaja na lile Dreamliner, kijiwe kizima kikasimama mbele ya televisheni ya muuza chipsi. Na mimi nilipiga makofi. Ila nilipokaa nikawaza: hili dude halitakuja kunichukua mimi Mtwara. Limenunuliwa likapambane na Emirates. Nami nani wa kupambana kwa ajili yangu?

Aliwahi kutokea. Fastjet walikuja 2012 na nauli zinazoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Wakaanza na Mwanza na Kilimanjaro. Nasikia watu wa Mwanza walikuwa wanapanda ndege na kandambili, anakwenda Dar kununua vocha anarudi. Sisi mwanzoni bei ile tulikuwa tunaisikia redioni, tunaifurahia kwa niaba ya wenzetu. Mwishoni mwa 2018, madeni yakawazidi, wakasimama. Nauli ya bei rahisi ni tamu mpaka siku mwenye ndege anapopiga hesabu zake.

Msinione mwenye wivu, ndege nimepanda. Shemeji yangu wa Dar alinilipia, akasema asiaibishwe na mume wa dada yake kushukia Mbagala mbele ya wakwe. Nikafunga mzigo wa heshima: ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, korosho za kubangua, na samaki wakavu wa Msimbati waliofungwa vizuri ila harufu haikukubali kufungwa. Kufika kaunta, binti akautazama mzani.

"Baba, umezidi."

"Nimezidi nini, mwanangu?"

"Kilo. Mwisho ni 23."

Akanitajia bei ya kilo za ziada. Kwa bei ile ming'oko ingekuwa ya kuvaa shingoni. Nikasogea pembeni nikaanza kuwagawia korosho watu wa kwenye foleni. Bwana mmoja wa miwani akatafuna, akafumba macho, akauliza, "Hizi safi sana, mzee, umenunua wapi?" Nikamwambia nimelima mwenyewe. Akanipa pole. Baadaye nikajua alikuwa mnunuzi wa mnadani.

Shirika lenyewe silitaji, tusije tukaitana polisi. Tukakaa. Saa ya kuondoka ikafika, ikapita, ikaenda zake. Dada wa kipaza sauti akatuambia ndege imechelewa kwa sababu za kiuendeshaji, akazima kabla mtu hajauliza ni nani hasa anayeendesha. Jirani yangu aliyepanda basi alfajiri ya siku hiyo alikuwa ananitumia ujumbe: nipo Nangurukuru. Nimeshavuka daraja la Mkapa, nipo Ikwiriri. Wewe upo mawingu gani? Mke wangu akapiga kuuliza kama nimefika.

"Bado nipo Mtwara."

"Basi njoo ule mchana, samaki wapo, urudi."

Tuliruka jua likiwa limeelemea. Na nikiri, ile saa moja hewani ni tamu. Kilomita zaidi ya 550 za barabara unazimaliza juisi ikiwa nusu. Lakini niliposhuka Dar, jirani wa basi alikuwa ameshaoga, ameshakula, na ndiye aliyetumwa na shemeji aje kunipokea. Mzigo wangu akaubeba yeye. Aliubeba kwa mkono mmoja, anacheka.

Sasa nadhani mnaelewa kwamba mpinzani wa ndege huku kusini si Mkenya wala Mwarabu. Ni basi. Ikafika Mei 2024, kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani na abiria wao. Siku zile ndege ikabaki peke yake ulingoni, na sitaki kukumbushwa.

Juzi shemeji kapiga tena, anaoza binti. Mama Somoe kasema twende na ndege, maana mara ile ulishuka na ndege, sasa watu watasema umefilisika. Nikamwambia sawa, naenda kuulizia. Nikapitia ofisi ya tiketi, nikasomewa bei za watu wawili, nikaomba maji ya kunywa. Kutoka pale miguu yenyewe ikanipeleka stendi ya mabasi.

Wee! Sijavuka hata geti, wapiga debe wamenizingira. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono, wa tatu kanishikia kofia isianguke. "Mzee wangu, mimi nina kiti cha mbele!" "Muongo huyo, basi lake lina kunguni, njoo kwangu kuna feni na chaja!" "Mzee, mimi nakupunguzia elfu tano, na maji juu yangu!" Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, watu wanagombana juu yangu mimi, na nauli inashuka nikiiona kwa macho. Nikatulia makusudi. Nikajifanya naondoka. Ikashuka tena.

"Na mzigo?" nikauliza. "Nina gunia la ming'oko na samaki wakavu."

"Mzigo bure, mzee! Ukitaka leta na mbuzi!"

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili asubuhi."

"Kamili ya kweli?"

Yule kijana akaniangalia, akaachia begi langu kwa mara ya kwanza. "Mzee, kwani wewe umezoea ndege?"