Shahidi Naye Apewe Mtu Wake

Nikisema nafanya kazi na waendesha mashtaka hapa Arusha, swali linalofuata huwa ni lilelile: "Kwa hiyo wewe ni wakili?" Hapana. Sijasoma sheria, sivai joho, na nikithubutu kusimama kusema neno mbele ya hakimu nitaambiwa nikae chini. Kazi yangu ni kukaa na mashahidi. Nampigia shahidi simu kabla ya tarehe, nampokea getini, namweleza kinachoendelea, namsindikiza mpaka mlangoni, na akishatoka nipo hapo kumsikiliza, au kunyamaza naye kama hataki kuongea. Anayenilipa ni shirika dogo lenye mradi. Ofisi imenipa kiti kwenye kona, na kiti chenyewe nakigombania na mafaili. Siku mradi ukiisha, nami nimeisha.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Kwa maoni yangu kazi hii haikupaswa kutegemea mradi wa mtu. Kila ofisi ya mashtaka, ya mkoa na ya wilaya, ilipaswa kuwa na mtu mmoja aliyeajiriwa kwa ajili ya shahidi, mwenye cheo kinachoeleweka na fungu lake la nauli.

Mji wetu hauna kisingizio katika hili. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda iliundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ikaja kukaa hapahapa kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Wenyeji wengi tunakumbuka magari meupe na kodi za nyumba. Wachache wanakumbuka kwamba ilikuwa na kitengo kizima cha kuhudumia mashahidi na waathirika. Mtu alitolewa kijijini kwake Rwanda, akaletwa Arusha, akalala kwenye nyumba isiyojulikana, akawa na wa kumhudumia, na mahakamani akaitwa kwa herufi ili jina lake lisitoke nje. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji kabisa. Wanawake walipopanda kizimbani wakasema, hati ikarekebishwa mwaka 1997, kesi ikiwa katikati. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Ilijengwa juu ya maneno ya wanawake wa kijijini.

Siipambi. Mwaka 2001, katika kesi ya watu wa Butare, kusini mwa Rwanda, majaji wa mahakama hiyohiyo walicheka wakati mwanamke aliyebakwa akiulizwa maswali na wakili wa utetezi. Ikaelezwa baadaye kwamba walimcheka wakili na maswali yake, si shahidi. Sawa. Ila aliyekaa kwenye kile kiti angejuaje tofauti hiyo? Kitengo cha mashahidi kilikuwepo, na bado hilo likatokea.

Sasa shuka utoke AICC, uende mahakama yoyote ya wilaya. Shahidi amefika saa mbili asubuhi, amebanana kwenye kifodi toka Ngaramtoni, hajanywa chai. Nje kuna benchi. Ni hilohilo moja la watu wote: mashahidi, wadhamini, ndugu wa mshtakiwa, na yule mzee wa kesi ya mirathi ambaye hakosekani. Niliwahi kusimama hatua chache tu kutoka kwa binti wa sekondari aliyekuja kutoa ushahidi dhidi ya kijana wa jirani. Baba wa yule kijana akaingia getini na fimbo yake, kofia mkononi. Binti akainuka, kwa kuwa amelelewa vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo? Tutaongea, eh?"

Akapita, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Binti alipoketi tena alianza kukunja kona ya daftari lake, anakunja, anakunjua. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ni sheria nzuri, lakini utamshtaki mzee kwa kosa gani? Amejibu salamu. Sheria inasema pia kwamba ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha. Faragha hiyo inaanzia mlangoni, na benchi liko nje ya mlango. Siku hiyo nilichofanya ni kumtoa pale, nikamkalisha kwenye ofisi ya karani aliyekuwa na huruma, nikamnunulia chai na maandazi. Hakuna mwanasheria ambaye angepata nafasi ya kufanya hivyo. Mwendesha mashtaka alikuwa na mafaili mikononi na hakimu anamsubiri.

Kesi nyingi zinazoharibika ninazozifahamu ziliharibikia mahali kama hapo, kabla hata ya swali la kwanza. Mama ana meza ya ndizi soko la Kilombero, kesi imeahirishwa mara ya nne, kila tarehe amefunga biashara na kulipa nauli ya watu wawili. Mara ya tano haji. Kwenye faili inaandikwa kwamba shahidi hakutokea. Haiandikwi kwamba hakuna aliyempigia simu jana yake kumwambia wakili wa utetezi ameomba ruhusa na kesi haitasikilizwa.

Halafu kuna kumalizana. Adhabu ya kubaka kwa sheria yetu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Ukali huo una sababu zake na siupingi. Lakini mshtakiwa anapokuwa mjomba, tena ndiye anayelipa ada za watoto watatu pale nyumbani, ile namba 30 inauingiza ukoo mzima kwenye kikao. Wazee wanakaa, mifugo inatajwa, au shamba, au bati za nyumba. Mama wa mtoto anaambiwa asivunje ukoo. Wiki ya tarehe ya kesi mtoto "amepelekwa kwa bibi", na bibi yuko Longido, na simu ya bibi haipatikani. Wakili wa Serikali anaweza kuomba hati ya kumkamata shahidi. Fikiria maana yake: mtoto aliyeumizwa anatafutwa na polisi. Mimi napendelea kwenda kumtafuta yule mama mwenyewe wiki tatu kabla, tukae jikoni kwake, nimuulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi haogopi hukumu. Anaogopa Januari, ada.

Nafahamu mawakili wa utetezi wanasema nini kuhusu watu kama mimi, kwamba tunawafundisha mashahidi. Hofu hiyo ni ya haki na naichukulia kwa uzito kuliko wanavyodhani, maana shahidi aliyefundishwa huonekana, na kesi yake hufa kwa aibu. Kwa hiyo mipaka yangu ni mikali. Namwonyesha shahidi chumba cha mahakama kikiwa kitupu: pale hakimu, pale karani, kile kizimba ni cha mshtakiwa, hiki ni chako. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini namweleza kwamba si lazima aape. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 anaweza kutoa ahadi tu kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Namwambia: usichokijua, sema sijui. Ulichosahau, sema sikumbuki. Swali hujalielewa, omba lirudiwe. Usimtazame mama kutafuta jibu, mtazame hakimu. Kilichotokea simuulizi.

Kuna mama mmoja alinivuta pembeni kabla ya kuitwa. "Dada, polisi aliandika sketi. Mwanangu anasema ilikuwa gauni. Nimwambie aseme sketi?"

"Mama, aseme anachokumbuka."

"Na wakimkamata hapo?"

"Basi wamkamate hapo. Ukimbadilishia gauni, kesho atabadilishiwa na mengine."

Nikaenda moja kwa moja kumwambia mwendesha mashtaka habari ya sketi na gauni. Alikunja uso, maana hakuna anayependa kuletewa tatizo dakika za mwisho, lakini ilibidi ajue. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii. Mimi si padri. Jambo la kwanza ninalomwambia shahidi, hata chai haijamiminwa, ni kwamba akinieleza kitu kinachohusu kesi, hata kama kinamsaidia mshtakiwa, nitakipeleka kwa mwendesha mashtaka. Siri zake nyingine atafutiwe mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii, na namba nampa. Baadhi hukasirika. "Si ulisema uko upande wangu?" Niko upande wake, na nimekaa kwenye ofisi ya Jamhuri, na vitu hivyo viwili haviendi pamoja kila siku. Asiyeweza kuishi na mgongano huo asiombe kazi hii.

Wengine wameshaifanya rasmi. Marekani walianza kuweka watu hawa kwenye ofisi za waendesha mashtaka miaka ya 1970, Milwaukee na Brooklyn zikiwa miongoni mwa za mwanzo, na sababu haikuwa huruma peke yake: walikuwa wamechoka kuona kesi zikifutwa kwa kuwa mashahidi hawaji. Mwaka 1984 wakatunga sheria ya mfuko wa waathirika wa uhalifu unaolishwa na faini za wahalifu wenyewe. Anayesema jambo hili ni la nchi tajiri aangalie Afrika Kusini, ambako mamlaka ya mashtaka ina maofisa wake wa kuwaandaa mashahidi kwa ajili ya mahakama. Hapa kwetu vipande vipo, vimetawanyika. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwenye baadhi ya hospitali kuna kituo cha mkono kwa mkono, kinachompa aliyeumizwa huduma zote mahali pamoja. Halmashauri kuna ustawi wa jamii. Kila mmoja anamshika shahidi kidogo na kumwachia mwenzake, kama kijiti cha mbio, na mkimbiaji wa mwisho, yule wa mahakamani, hayupo.

Hata baada ya hukumu hayupo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta hatia kwa sababu kumbukumbu za kesi hazikuonyesha mtoto alitoa ile ahadi ya kusema kweli. Kisheria naelewa, kifungo cha miaka 30 hakiwezi kusimama juu ya utaratibu uliorukwa. Lakini nani anakwenda kuiambia familia? Wanamwona tu mtu amerudi mtaani, anakunywa soda dukani. Kuanzia hapo hakuna mtu mtaa ule atakayekwenda kutoa ushahidi wa jambo lolote, hata la kuku. Ni hivyohivyo kwa dhamana. Mwanamke aliyepigwa na mumewe akaripoti, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, akashonwa nyuzi, anakutana na mume getini jioni ya siku ya tatu kwa sababu kosa lina dhamana na hakuna aliyemwambia. Simu moja ingetosha kumfanya alale kwa dada yake.

Rafiki yangu mmoja wa upande wa mashtaka huniambia, "Mawakili wenyewe hatutoshi, wewe unataka tuajiri mtu wa kushika watu mikono." Naielewa hesabu yake, ila anahesabu upande mmoja. Kila kesi inayoahirishwa kwa kukosa shahidi imeshakula muda wa hakimu, wa karani, wa askari aliyemleta mahabusu, na mafuta ya gari lililomleta. Hizo ni fedha pia, zimetawanyika tu kwenye mafungu ambayo hakuna anayeyajumlisha.

Na mtu wa kuajiriwa si lazima awe mwanasheria. Afadhali asiwe, maana mwanasheria ataanza kuuliza kilichotokea. Pale Tengeru kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, na vijana waliosoma kusikiliza watu na kuwatembelea majumbani wanazunguka mjini na bahasha. Mmoja wao, akiwa anajua Kimaasai na Kiswahili, akapewa simu yenye salio, nauli, na chumba kidogo chenye mlango usiofungukia kwenye lile benchi, anaweza kuanza kazi kesho. Mimi ningempeleka kwanza Loliondo, kabla ya Arusha mjini. Shahidi wa huko akiitwa Mahakama Kuu huku mjini anasafiri siku nzima kwa basi, analala kwa mtu anayemfahamu kwa shida, na akifika asubuhi anaambiwa jaji yuko safari. Huyo ndiye wa kupigiwa simu kabla hajapanda basi.