Maskoti ni hirizi bwana, 2027 tusiletewe simba tena

Juni 2010 nipo kibanda umiza cha Manzese, mabenchi yamejaa mpaka watu wanakalia ndoo, Tshabalala wa Afrika Kusini katoka kuwatungua Mexico lile shuti la mguu wa kushoto, Kombe la Dunia, na pembeni yangu kuna jamaa wawili wala hawana habari na mpira tena, wanabishana yule mdoli mwenye nywele za kijani ni chui au duma. Mmoja akasema huyo paka shume tu kapakwa rangi. Nikawaambia ni chui, ndo maskoti wa mashindano haya, anaitwa Zakumi. Wakacheka, Zakumi ndo nini? Nikasema nyie si Waswahili, hebu hesabuni moja mpaka mwisho wa vidole. Walipofika kumi wakanyamaza.

Maana ZA ni ile alama ya Afrika Kusini, ukiingia kwenye tovuti zao unaiona mwishoni, na kumi ni kumi yetu hii hii, ya 2010. Halafu wakampa na siku ya kuzaliwa, 16 Juni 1994. 1994 ndo mwaka watu weusi kule walipiga kura kwa mara ya kwanza, na 16 Juni ndo siku wanafunzi wa Soweto walipoandamana 1976 wakapigwa risasi. Yaani mdoli wa kuuzia watoto kabeba yote hayo. Tangu siku ile siyaangalii tena haya madude kama mapambo.

Na ukilifuatilia neno lenyewe, maskoti, ndo utachoka. Limetoka kusini mwa Ufaransa, Provence, masco kwao ni mchawi, halafu 1880 Edmond Audran akatoa opera Paris, La Mascotte, ya binti wa shambani ambaye ukikaa naye tu mambo yako yananyooka, neno likasambaa duniani. Kwa hiyo maskoti kabla hajawa mdoli alikuwa hirizi! Sasa kamwambie hilo Mbongo aliyekua anasikia habari za kamati ya ufundi, wale wa ndumba za timu, timu inaruka ukuta badala ya kupita getini, atakuona wewe ndo umechelewa kujua.

Basi mimi msimamo wangu uko hapo. Ni hirizi, na hirizi ya kuazima haishiki. Waingereza 1966 walitoa Willie, simba kavaa jezi ya bendera yao, ndo maskoti wa kwanza wa Kombe la Dunia, na wakalibeba kombe wenyewe, mpaka leo wanaume wao hawajalibeba lingine. Simba kwao ni wa siku nyingi, yupo kifuani kwenye jezi. Sasa njoo Ujerumani 2006, nao wakaleta simba, Goleo, kavaa jezi na chini hana kitu, hana hata bukta, wenye nchi wenyewe wakauliza mbona sisi mnyama wetu ni tai? Kampuni iliyokuwa na haki ya kutengeneza yale madoli ikafilisika hata mashindano hayajaanza. Na Olimpiki ya Atlanta 1996 ndo kabisa, Izzy, kitu cha bluu, si mtu si mnyama, mwanzoni walimwita Whatizit, yaani "hiki ni kitu gani", na watu nao wakaendelea kuuliza hivyo hivyo mpaka michezo ikaisha.

Aliyeshika ni dubu Misha wa Olimpiki ya Moscow 1980. Alimchora Viktor Chizhikov, mchoraji wa vitabu vya watoto, na siku ya kufunga wakamfunga maputo wakamwachia apae zake, uwanja mzima unalia. Watu wazima wanamlilia mdoli! Halafu sisi Watanzania na huyu dubu tuna undugu ambao hatuutaji. Wakenya waligoma mwaka ule, sisi tukaenda, Filbert Bayi akaleta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000, na hizo ndo medali zetu zote za Olimpiki mpaka leo. Zote. Ningekuwa na hela ningemjengea Misha sanamu pale Kwa Mkapa.

Sasa AFCON 2027 iko kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda. Naomba kitu kimoja, tusiletewe simba. Cameroon 2021 simba Mola, Morocco 2025 simba Assad, sawa, timu zao zinaitwa simba. Lakini hapa Dar ukileta simba, nusu ya mji haununui hata kishika funguo, Mwananchi gani wa Yanga atamvalisha mtoto wake Mnyama? Twiga Wakenya watasema ni wa kwetu, korongo ni wa Waganda, nyumbu anavuka mpaka bila paspoti kila mwaka lakini Uganda hafiki, na pia mashabiki wa Man United, ambao mtaani tunawaita nyumbu, watajua wanasemwa wao.

Mimi nasema bodaboda. Usicheke, Paris 2024 maskoti alikuwa kofia, ile kofia nyekundu ya mapinduzi yao, wakaitia macho na miguu na watu wakanunua. Bodaboda imezaliwa mpakani Busia, Uganda na Kenya, enzi za baiskeli za kukuvusha kutoka boda hii mpaka boda ile, leo hakuna kijiji Tanzania haijafika. Jina liko tayari na wote watatu tunalitamka sawa. Ila ashonwe hapa hapa, maana Zakumi na uzuri wake wote madoli yake yalitengenezwa China, COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi kule Afrika Kusini, wakapiga kelele kuhusu mishahara ya kiwandani huko China na walikuwa na haki.

Jana nilimwelezea hii aidia boda wangu wa kila siku. Akasikiliza mpaka mataa, akauliza swali moja tu, huyo mdoli atavaa helmeti? Nikamwangalia kichwani. Kapelo.