Kifaru cha vita ni mtaji, minerval ya shule ni matumizi

Juzi redioni mchumi mmoja alisema kununua vifaa vya kijeshi ni uwekezaji, na mwendesha kipindi akaitikia "kabisa, kabisa". Nikazima redio. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba, kwa kanuni, jamaa hakukosea.

Mfumo wa hesabu za taifa wa 1993, yaani kanuni za kimataifa za kupima uchumi wa nchi, uliweka silaha kwenye matumizi: ukinunua kifaru, umeshakila. Wa 2008 ukageuza. Kifaru, ndege ya kivita, manowari, vyote vikawa mtaji, maana vinatumika zaidi ya mwaka mmoja "kuzalisha" ulinzi. Risasi huhesabiwa kama bidhaa za stoo. Marekani walikuwa wameanza mapema, 1996; Ulaya ikafuata 2014.

Haya, mantiki ipo. Uwanja wa ndege wa jeshi ulikuwa mtaji tangu zamani, basi ndege yenyewe kwa nini isiwe?

Lakini tazama mtaji huo unavyofanya kazi. Ulinzi hauuzwi sokoni, kwa hiyo thamani yake hupimwa kwa gharama, na uchakavu ni mojawapo ya gharama. Kifaru kikishanunuliwa, kiegeshwe, kinyeshewe, kisisogee hata mita moja: kila mwaka uchakavu wake unaongezwa kwenye pato la taifa. Tunatajirika kwa kutu! Mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Virunga hapa Goma, akijinyima ili alipe minerval ya mtoto wa sekondari, huyo hajawekeza chochote. Ametumia tu. Mtoto aje kuwa mganga, atibu watu miaka thelathini, kwenye hesabu hizo elimu yake si mtaji. Mtutu wa mzinga ndio mtaji. (Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea makaa, wanaikubali kuwa mtaji. Aksanti sana.)

Na vita vikija? Mali iliyoungua au kutekwa haitolewi kwenye pato la taifa, hata faranga moja. Inapelekwa ukurasa mwingine, wa "mabadiliko mengine ya kiasi cha mali", wenye mstari wa hasara za maafa na mstari wa mali iliyonyang'anywa bila fidia. Januari 2025 silaha zilitapakaa barabarani hapa Goma, askari wenyewe wamekimbia. Mtaji wetu huo, tulioulipia kodi. Kama kuna mtu Kinshasa aliyeujaza ukurasa huo, autoe tuusome.