Ukitaka kuuelewa mche, ukate

Mpe mwanafunzi mche mstatili, yaani umbo kama boksi, atafute ujazo, naye atazidisha urefu, upana na kimo bila kusita. Kisha mpe mche wenye kitako cha pembetatu, lakini uulaze ubavu, umwulize kitako ni kipi. Mara nyingi atagusa ule uso uliolala juu ya meza. Simlaumu. Karibu kila mchoro aliouona umewekwa kitako chini, na hakuna aliyemwambia kwamba kitako hakihusiani na chini wala juu.

Kwa maoni yangu tunayafundisha maumbo haya kinyumenyume. Tunaanza na orodha ya kanuni, moja ya mchemraba, nyingine ya silinda, nyingine ya piramidi, nyingine ya tufe (umbo la mpira), kana kwamba ni viumbe wasiojuana. Ningependa tuanze na kisu.

Chukua mche wa sabuni uukate vipande. Popote utakapopitisha kisu, mradi ukate sambamba na nyuso za miisho yake miwili, uso unaofunguka ni uleule: umbo lile lile, ukubwa ule ule. Hiyo ndiyo tabia inayoufanya mche uwe mche, na uso huo unaojirudia ndio kitako, hata umbo likilazwa ubavu au likisimamishwa kichwa chini. Ikate piramidi vivyo hivyo, mikato itapungua hadi ikaishia kwenye ncha. Likate tufe, mikato itaanza midogo, itapanuka hadi katikati, kisha itapungua tena. Mwanafunzi akishaiona tofauti hii kwa macho yake, hana haja ya kukariri majina.

Ujazo nao unajileta wenyewe. Ikiwa kila tabaka ni sawa na kitako, basi ujazo ni eneo la kitako mara kimo, iwe kitako ni pembetatu, pembesita au umbo lolote lenye pande zilizonyooka. Kitako chenye eneo la sentimeta za mraba 12 na kimo cha sentimeta 10 kinatoa sentimeta za ujazo 120, na hapo hujauliza kitako kina pembe ngapi. Silinda, kwa maana kali ya wanahisabati, haimo katika ukoo huu kwa kuwa kitako chake ni duara, lakini inatii sheria ileile. Na mche ulioinama je? Sukuma matabaka yake kando, hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua, ilmuradi kimo kipimwe wima kutoka kitako hadi kitako. Mwitaliano Bonaventura Cavalieri aliichapisha hoja ya namna hii mwaka 1635: maumbo mawili yenye kimo sawa, ambayo mikato yake ina eneo sawa katika kila usawa, yana ujazo sawa.

Kuhesabu nyuso, kingo (mistari ambapo nyuso hukutana) na vipeo (pembe ambapo kingo hukutana) ni jambo jepesi zaidi. Kitako kikiwa na pande n, mche una vipeo 2n, kingo 3n na nyuso n + 2. Toa kingo kwenye vipeo, ongeza nyuso, utabaki na 2 daima. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler aliliona hilo mwaka 1750, na linashika kwa piramidi pia.

Penye utamu hasa ni theluthi. Kwa nini piramidi ni theluthi moja ya mche wenye kitako na kimo kilekile? Vitabu vingi huitaja tu na kupita, nami naona huko ni kumnyima mtoto furaha kubwa. Shika mchemraba, chagua kipeo kimoja. Kuna nyuso tatu zisizokigusa. Unganisha kipeo hicho na kila mojawapo ya nyuso hizo, utapata piramidi tatu zinazolingana kabisa, na zikipangwa pamoja zinaujaza mchemraba wote. Tengenezeni kwa karatasi ngumu, mzishike mikononi.

Kutoka hapo njia inafika hadi kwenye tufe. Weka nusu tufe kando ya silinda yenye nusu kipenyo na kimo kilekile, kisha toboa ndani ya silinda koni ambayo ncha yake iko chini. Kata vyote viwili katika usawa mmoja, popote: mkato wa nusu tufe na ule wa silinda iliyotobolewa vina eneo sawa. Koni, kama piramidi, ni theluthi ya silinda, basi nusu tufe ni theluthi mbili. Uwiano huo Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale, aliuthamini kiasi cha kutaka tufe na silinda vichorwe kwenye kaburi lake.

Nimesikia hoja kwamba muda hautoshi, kwamba mtihani unataka jibu na kanuni inalitoa upesi. Lakini kanuni iliyokaririwa bila sura hupotea mara tu swali linapogeuzwa ubavu, kama ule mche wa pembetatu. Wengine huona kukatakata ni mchezo wa watoto, ngazi ya kuachwa mtu akishakomaa. Hesabu yenyewe inawapinga. Mwaka 1900 mwanahisabati Mjerumani David Hilbert aliuliza kama piramidi mbili zenye vitako vya eneo sawa na kimo sawa zinaweza daima kuthibitishwa kuwa na ujazo sawa kwa kukatwa vipande vyenye idadi yenye mwisho na kupangwa upya, bila matabaka membamba yasiyo na mwisho. Mwanafunzi wake, Max Dehn, alijibu upesi: hapana. Theluthi ya mchemraba inapatikana kwa mikato michache, lakini kwa piramidi kwa ujumla hakuna njia ya kuyakwepa yale matabaka.