Charlie Kashiba, Hadithi Imebaki na Njaa

Katika Charlie and the Chocolate Factory, kitabu cha Roald Dahl cha mwaka 1964, Charlie Bucket anakaa nje ya lango la kiwanda kwa sura 13 kati ya 30. Karibu nusu ya kitabu inapita mtoto hajatia mguu ndani. Anapita hapo akienda shule na akirudi, akinusa harufu ya chokoleti basi. Kwao ni watu saba na kitanda kimoja, nacho wamekilalia wazee wanne. Chakula ni mkate, viazi vya kuchemsha na kabichi. Chokoleti huipata siku yake ya kuzaliwa tu, naye huimega chembe kwa chembe mpaka imfikishe mwezi na ushee.

Mwendelezo wake, Charlie and the Great Glass Elevator, ulitoka mwaka 1972 na unaanzia palepale cha kwanza kilipoishia: lifti ya kioo iko angani, familia nzima imo ndani, kitanda cha wazee nacho kimo. Charlie sasa ni mrithi wa kiwanda. Hakuna anachokikosa, na mwandishi hakumpa kitu kingine cha kukitafuta. Naona kasoro zote za kitabu hiki zinatokana na hilo moja.

Turudi sura ya 10 ya kitabu cha kwanza tuone njaa ile ilikuwa ikifanya kazi gani. Baba yake kazi yake ilikuwa kufunga vifuniko vya dawa ya meno kiwandani. Kiwanda kimefilisika, sasa anazoa theluji barabarani. Asubuhi kila mtu anapata kipande kimoja cha mkate, mchana pengine nusu kiazi. Dahl hatuambii kwamba mtoto anateseka. Anatuonyesha Charlie akiondoka nyumbani dakika 10 mapema kuliko kawaida ili atembee polepole asilazimike kukimbia, na wakati wa mapumziko, wenzake wakirushiana theluji nje, yeye anabaki darasani ameketi kuutunza mwili wake. Mtoto anayeyasoma hayo anaelewa bila kuelezwa. Tiketi ya dhahabu, ile ya kumwingiza kiwandani, inapoonekana sura inayofuata, furaha ya msomaji imeshalipiwa.

Kitabu cha pili hakina malipo ya namna hiyo. Lifti inapaa kupita kiasi kwa sababu bibi mmoja ameshikwa na hofu akamvuruga Willy Wonka, mwenye kiwanda, asibonyeze kitufe kwa wakati. Wanafika kwenye hoteli ya angani ya Wamarekani, wanakutana na madude yaitwayo Vermicious Knids, wanakoswakoswa, wanarudi duniani. Matukio yamejaa tele, lakini hakuna lililoanzishwa na haja ya Charlie. Kazi yake imekuwa kuuliza maswali ili Wonka apate la kujibu. Ondoa jina lake kwenye kurasa nyingi uweke la mtoto yeyote, na hadithi itaendelea bila kushtuka.

Linaloumiza zaidi ni walichofanyiwa wale wazee. Katika kitabu cha kwanza, kila jioni Charlie akifungua mlango tu, wote wanne wanainuka kitandani nyuso zikiwaka, wanaanza kumsimulia. Mjukuu ndiye dawa yao. Katika mwendelezo, watatu kati yao wamegeuzwa watu wa kunung'unika na kunyang'anyana vidonge vya ujana. Hata umri wao haukuchungwa. Kitabu cha kwanza kinasema wazi kwamba kila mmoja wa wale wanne amevuka miaka 90. Cha pili kinampa Bibi Georgina miaka 78, Babu George 81, na Bibi Josephine 80 na miezi mitatu.

Umri umebadilishwa kwa sababu ya hesabu. Kidonge kimoja cha Wonka-Vite kinapunguza miaka 20, nao kila mmoja anameza vinne, yaani miaka 80. George anabaki mtoto wa mwaka mmoja, Josephine kichanga wa miezi mitatu, na Georgina anaangukia hasi 2, kwa hiyo anatoweka kabisa. Hapa, nakiri kwa moyo mweupe, kuna kipaji. Mwalimu anayetaka kuwaingiza watoto kwenye namba hasi hatapata mlango mzuri kuliko bibi aliyepungukiwa na miaka miwili ili azaliwe. Ila mwandishi anakiharibu mwenyewe. Dawa ya kumrudisha, Vita-Wonk, inampitiliza hadi miaka 358, kisha anarudishwa tena chini mpaka 78 kamili. Kitabu cha kwanza kilikuwa na ujasiri wa kuiacha adhabu ya uroho: Violet, mmoja wa watoto walioingia kiwandani pamoja na Charlie, anatoka langoni na uso wake wa zambarau, mwenzake Mike Teavee akiwa amevutwa akawa mrefu kama mlingoti. Katika cha pili kila kosa linafutwa, na msomaji mdogo hujua upesi kwamba hakuna kitakachomgharimu mtu yeyote.

Sura za Ikulu ya Marekani ndizo dhaifu kuliko zote. Mizaha yake ya simu inasimama juu ya kubeza majina ya Wachina, na inategemea masikio ya Kiingereza. Inasikitisha zaidi ukikumbuka miaka yenyewe. Katika toleo la 1964 Wonka aliwaleta wafanyakazi wake, Oompa-Loompa, kutoka Afrika, wakiwa mbilikimo weusi wanaolipwa kwa kakao. Malalamiko yakaja, na toleo la 1973 likawabadilisha rangi na asili. Kidonda kimoja kilikuwa kinafungwa huku kingine kikifunguliwa.

Mwendelezo unaweza kufaulu. Lewis Carroll, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata mwaka 1940 kupitia Elisi katika Nchi ya Ajabu, alirudi kwa Elisi huyo, yaani Alice, mwaka 1871 na kubadilisha sheria zote za mchezo: karata zikatoka, sataranji ikaingia. Lakini alimpa mtoto safari yake mwenyewe. Alice anaanza akiwa kitunda, kete ndogo kabisa ya sataranji, upande mmoja wa ubao na anataka kufika upande wa pili awe malkia. Kila ukurasa unajua anakwenda wapi.

Kama mtoto wako amemaliza cha kwanza na anakililia cha pili, msomee, lakini kwa kuchagua. Sura tatu za kwanza zipitie haraka. Za Ikulu ziruke. Kinachopotea unaweza kukieleza kwa sentensi mbili. Zile za Knids, kuanzia ya 7, zisome kwa sauti ya kutisha, kwa kuwa hapo Dahl amerudi kwenye ubora wake: lifti tano za hoteli zinafunguka, kila moja ina dude lake, na kila dude linajipinda kuwa herufi moja mpaka wote watano wameandika neno la kuwafukuza wageni. Ukiwa unatafsiri papo kwa papo, TOKA ni fupi mno na ONDOKA imezidi. POTEA ina herufi tano barabara. Kisha nenda kwenye vidonge, sura ya 13 mpaka mwisho, ukiwa na karatasi na kalamu ya kufanyia hesabu.

Na ukifika sura ya 20, rudi naye kidogo kwenye ya 12 ya kitabu cha kwanza, mzisome pamoja. Kule Babu Joe, mmoja wa wale wazee wanne, ambaye hajakanyaga sakafu kwa miaka 20, anaona tiketi mkononi mwa mjukuu wake, anaruka kitandani, bakuli lake la supu linarukia mapajani kwa Bibi Josephine, naye anacheza ngoma na pajama zake. Huku wale watatu waliobaki wanainuka hatimaye, kwa sababu umekuja mwaliko wa Rais.