Ukitaka Kujifunza Ontolojia, Anza na Ukoo Wako

Anayejifunza kujenga ontolojia za kompyuta, popote alipo, huanzishiwa na piza. Mwongozo uliosambaa sana, ule wa Chuo Kikuu cha Manchester wa kutumia Protégé, programu ya kuandikia ontolojia, unamtaka aorodheshe aina za piza na vinavyowekwa juu yake, kisha aandike masharti: piza ya jibini lazima iwe na walau aina moja ya jibini, piza ya wasiokula nyama isiwe na nyama wala samaki. Mwishoni anabonyeza kitufe, na programu inagundua yenyewe kwamba piza iitwayo Margherita ni piza ya jibini. Ni mwongozo mzuri, na walioutunga walijua wanachofanya. Lakini nimekaa na vijana wengi wakiupitia, na msimamo wangu umekomaa: unafundisha Protégé, haufundishi kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni kubishana na mashine juu ya jambo unalolijua. Kijana aliyeiona piza kwenye matangazo tu atabishana na nini? Programu ikimwambia lolote anakubali, anafungua ukurasa unaofuata.

Mimi nasema aanze na ukoo wake.

Kwa ambaye fani hii ni ngeni kwake: ontolojia ni maelezo ya jambo fulani yaliyoandikwa kwa kauli ambazo kompyuta inaweza kuzifanyia mantiki. Kuna aina gani za vitu, vinahusianaje, na lipi haliwezekani. Kwenye wavuti msingi wake ni RDF, ambamo kila taarifa ni sentensi ya sehemu tatu: Asha, anaMama, Zuhura. Juu ya RDF ipo OWL, lugha ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha mwaka 2004 na kuipanua kuwa OWL 2 mwaka 2009. Tim Berners-Lee, aliyevumbua wavuti, alieleza ndoto hiyo mwaka 2001 akiwa na James Hendler na Ora Lassila: wavuti ambao si watu peke yao wanaousoma, mashine nazo zinaelewa kilichomo. Wavuti wote haukugeuka kuwa hivyo. Lakini wanabiolojia wanaitegemea Gene Ontology, ontolojia ya kazi za jeni, tangu 1998, na hospitali za nchi nyingi zinaandika magonjwa kwa istilahi za SNOMED CT, ambazo ndani yake zimefungwa kwa mantiki ya aina hiihii.

Sasa turudi kwa Asha. Andika kwamba mama yake ni Zuhura, na kaka wa Zuhura ni Salim. Kisha mpe Protégé mnyororo mmoja wa mahusiano: anaMama ikifuatwa na anaKaka, matokeo yake ni anaMjomba. Washa HermiT, mojawapo ya programu za kuhitimisha zinazofanya kazi ndani ya Protégé. Kwenye ukurasa wa Asha utatokea mstari wenye rangi ya njano: mjomba wake ni Salim. Hakuna aliyeliandika hilo. Mashine imelitoa kwenye kauli zako, na ukiibonyeza alama ya kuuliza pembeni itakuonyesha imepita wapi mpaka ikafika hapo. Hapo mwanafunzi hukaa sawa kwenye kiti, kwa sababu Salim anamjua.

Baba mkubwa na baba mdogo ni hatua ya pili, na inalazimisha uamuzi. Uhusiano wa anaKaka peke yake hautoshi tena, maana lazima ujue nani alitangulia kuzaliwa. Wapo wanaoandika tarehe za kuzaliwa wakitumaini OWL itazilinganisha. Haitafanya hivyo, kulinganisha tarehe za watu wawili ni kazi iliyo nje ya uwezo wake. Njia safi ni kutengeneza anaKakaMkubwa na anaKakaMdogo, zote mbili zikiwa chini ya anaKaka. Kwa bahati nzuri hivyo ndivyo familia zetu zinavyokumbuka. Babu huenda hajui mwaka aliozaliwa, lakini hawezi kukosea nani alimtangulia na nani alimfuata.

Utamu wenyewe unaanza kwa wifi na shemeji. Mke wa kaka yangu ni yuleyule mmoja, lakini dada yangu anamwita wifi na mimi namwita shemeji. Kwa hiyo mnyororo wa anaKaka na anaMke hautoshi: jibu linategemea jinsia ya anayeanza mnyororo, na minyororo ya OWL inabeba mahusiano tu, haibebi aina za watu. Wengi hukwama hapa wakasema lugha haiwezi. Inaweza. Unatunga uhusiano mpya, tuuite niMwanamke, kisha unasema kila mwanamke ana uhusiano huo na nafsi yake mwenyewe. OWL 2 ina neno maalumu kwa hilo, Self. Baada ya hapo mnyororo unakuwa niMwanamke, anaKaka, anaMke, na matokeo yake ni anaWifi. Unafanya vivyo hivyo kwa mwanaume, na matokeo yake yanakuwa anaShemeji. Ni mbinu inayojulikana kwa wataalamu, lakini kwenye piza haikutani nawe mapema. Kwenye ukoo wa Kiswahili unaihitaji siku ya kwanza.

Nakuja kwenye somo ninalolithamini kuliko yote. Mwambie mwanafunzi aandike kanuni moja isiyo na ubishi: kila mtu ana mama mmoja tu. Kisha Asha aandikiwe mama yake Zuhura, na pia Mwanahawa, mama mdogo aliyemlea na ambaye Asha humwita mama kila siku. Mwanafunzi anategemea mashine ipige kelele. Haipigi. Inahitimisha kwamba Zuhura na Mwanahawa ni mtu mmoja, na kuanzia hapo waume zao, watoto wao na kaka zao wote wanachanganywa. Kwa nini? Kwa sababu OWL haichukulii kwamba majina mawili ni watu wawili. Kanuni inasema mama ni mmoja, majina yako mawili, basi majina hayo ni ya mtu mmoja. Na tukitazama maisha yetu, ina haki: Bi. Zuhura, Mama Asha na Bi. Mkubwa wa nyumba ya pili wanaweza wakawa mama mmoja huyohuyo. Ukitaka mgongano uonekane, lazima utamke wazi kwamba Zuhura na Mwanahawa ni watu tofauti. Ukishatamka, HermiT itakataa ontolojia nzima na kukuonyesha kauli zinazopingana.

Suluhisho si kumfuta Mwanahawa. Ni kutenganisha anaMamaMzazi, ambao ndio wenye sharti la mmoja tu, na anaMama ulio mpana, unaomchukua mzazi, mlezi na mama mdogo. Kisha swali linarudi kwa mjenzi: mnyororo wa mjomba uanzie kwa yupi? Kwa posa na harusi ningeuanzisha kwa anaMama mpana, kwa sababu hata kaka wa mlezi huitwa kwenye kikao. Kwa faili la hospitali ningeuanzisha kwa mzazi, bila kusita. Hakuna jibu lililo sahihi kwa kila kazi. Ndiyo maana Michael Grüninger na Mark Fox wa Toronto walipendekeza mwaka 1995 kwamba ontolojia ianze na maswali ambayo itapaswa kuyajibu, na ipimwe kwa maswali hayo. Ningependa kila mwanafunzi ayaandike maswali yake kwenye karatasi kabla ya kufungua kompyuta.

Jambo jingine linalowasumbua wanaotoka kwenye hifadhidata za kawaida ni kwamba OWL haichukulii lisiloandikwa kuwa halipo. Umemwandikia bibi watoto wawili, ukauliza kama ana wawili tu, mashine haitakubali wala kukataa. Ukoo wowote una watu ambao hawajatajwa, kwa hiyo tabia hiyo ni ya busara. Ukitaka kuhakikisha kwamba kila mtoto kwenye faili ameandikiwa mama, tumia SHACL, iliyopitishwa na W3C mwaka 2017 kwa kazi hiyohiyo ya ukaguzi.

Ndugu wa tumbo moja ndio wanaoonekana rahisi kuliko wote, na ndio wagumu. Mnyororo wa kupanda kwa mzazi na kushuka kwa mtoto wake unakurudisha hata kwako mwenyewe, na ghafla kila mtu ni ndugu yake mwenyewe. Ukijaribu kulikataza hilo, sheria za OWL 2 zinakuzuia: uhusiano uliozaliwa na mnyororo haukubali sharti la namna hiyo. Inabidi utumie kanuni ya SWRL, lugha ya kanuni inayoongezwa juu ya OWL, inayosema wazi kwamba hawa ni watu tofauti. Halafu kuna udugu mpana. Mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu, na kaka huyo kwa watoto wangu ni baba yao mdogo au mkubwa, ambaye watoto wake nao ni ndugu wa watoto wangu, na hivyo hivyo bila kikomo. Ukiandika udugu wa ukoo kwa kutegemea baba mdogo, na baba mdogo kwa kutegemea udugu wa ukoo, HermiT inakataa kufanya kazi, kwa sababu minyororo inayozungukana hivyo imepigwa marufuku ili hesabu iwe na mwisho. Naliona jambo hili ni la kustaajabisha. Mtoto wa darasa la tatu pale Pangani anamtambua baba mdogo wa namna hiyo bila kufikiri, na lugha iliyotungwa na wanamantiki hodari inalazimika kukata mduara. Mwanafunzi aliyefika hapa ameonja mpaka halisi wa fani, na ameufikia akiwa na jambo analolimudu.

Kuna watakaosema ukoo ni mchezo wa darasani. Hawajakaa kwenye kikao cha mirathi. Katika mirathi ya Kiislamu, inayoamuliwa na mahakama za Kadhi Kenya na Zanzibar, ami, yaani kaka wa baba, ni asaba, jamaa wa upande wa kiume anayeweza kurithi kilichobaki baada ya wenye mafungu. Mjomba yumo kwenye kundi la jamaa wa tumboni, ambao hawafikiwi maadamu kuna asaba. Faili litakalowaandika wote wawili kwa uhusiano mmoja halifai kwa kazi hiyo. OWL haitagawa nusu, robo na thumni; hilo liachie programu ya kawaida, kwa mfano iliyoandikwa kwa lugha ya Python ikitumia maktaba ya Owlready2. Lakini kumtambua nani ni nani kwa marehemu, hilo inaliweza, tena inakuonyesha hoja yake mstari kwa mstari, jambo ambalo kikao chochote cha mirathi kingelipenda.

Hospitali nako ni hivyo. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe yake ya urithi bila kuugua wenyewe, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa. Mama akiulizwa kama mtoto ana ndugu mwenye selimundu, akajibu yupo, muuguzi anahitaji kujua ni wa tumbo moja au ni wa baba mkubwa. Mfumo wenye nafasi moja tu ya ndugu unampotezea taarifa aliyokuwa nayo mdomoni.

Tazama sasa vielelezo vilivyopo. Schema.org, msamiati wa kueleza vitu kwenye kurasa za wavuti ulioanzishwa na Google, Microsoft na Yahoo mwaka 2011, kwa mtu umeweka mzazi, mtoto, ndugu, mwenzi wa ndoa, na mwingine yeyote mwenye uhusiano. Wikidata, hifadhidata huria inayohusiana na Wikipedia, ina baba, mama, ndugu, mtoto na mwenzi, na wengine wengi wanaingia kwenye jamaa na maelezo ya ziada pembeni. Siwalaumu waliovitunga. Walijenga kwa maswali yao. Anayepaswa kujenga kwa maswali ya kikao cha posa, ya mirathi na ya kliniki ya selimundu ni anayeyajua, na huyo ni sisi.

Kwa hiyo natamani tuwe na ontolojia moja ya jamaa wa Waswahili, iliyo wazi kwa kila mtu, yenye lebo za Kiswahili. Watu wa pwani waweke ami, wa bara waweke baba mdogo, na uhusiano mmoja ubebe lebo zote mbili. RDF inaruhusu hilo bila tabu. Pale desturi zinapotofautiana kweli, ziandikwe kama mahusiano tofauti, wala lisipigiwe kura lipi ndilo sahihi. Kinachochapishwa kiwe minyororo na masharti peke yake. Majina ya watu walio hai, nani ni mama mzazi wa nani na nani ana ugonjwa gani, yabaki kwenye kompyuta ya mwenye ukoo.

Protégé hailipiwi, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida na haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Mwanafunzi aandike jina lake, la mama yake mzazi na la kaka wa mama, atunge mnyororo wa mjomba, kisha amwite mtu mzima wa nyumbani akae naye mbele ya skrini. Shangazi akisema hapana, huyo si mjomba wake, kuna mstari wa kwenda kuutafuta.