Wadi Haishuki kwa Ajili ya Wikendi Yetu

Grupu letu la watembea milimani hapa Maskati limewaka moto mwezi huu wa Novemba. Watu walipanda mlima wa Jabal Akhdar, wakashuka korongo kutoka uwanda wa Saiq, wakafika kwenye genge ambalo sote tumeshaona picha zake likimwaga maji, wakakuta jiwe kavu. Jioni ile ile maneno yakaanza: "tumepigwa", "safari ya bure", "bora tungelala". Kijana aliyewaongoza akatakiwa arudishe nusu ya pesa. Mwingine akaandika kwamba wahusika watege pampu pale juu, maji yatoke mwaka mzima, wageni wasivunjike moyo. Akaungwa mkono na watu ambao mimi nawaheshimu, na hapo nikashindwa kunyamaza.

Hakuna aliyepigwa. Kijana aliwapeleka alikosema atawapeleka, akawapitisha njia salama, akawarudisha wote wazima. Hakuahidi mvua. Alipwe chake chote.

Sisi tuliokulia Unguja, Pemba au Mombasa tuna kalenda ya mvua kichwani: masika, vuli, na mwaka ukiharibika tunanung'unika. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Maskati hupata kama 100 tu, na kuna miaka hata hizo hazifiki. Kule juu kwenye safu ya milima ya Hajar ni nafuu kidogo kwa sababu ya urefu wa milima, maana Jabal Shams inakaribia mita 3,000, lakini hata huko mvua haina miadi. Kuanzia Disemba mpaka Machi au Aprili huja mawingu kutoka upande wa magharibi, yakinyesha siku mbili tatu kisha kimya. Kiangazi, jua linapochoma majabali, wingu hujijenga alasiri juu ya mlima wenyewe, likamwagika kwenye wadi moja, yaani bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, na kuiacha wadi ya jirani bila hata tone. Na mara chache huja kimbunga, kama Gonu ya Juni 2007 au Shaheen ya Oktoba 2021, kikaleta kwa siku moja maji ambayo nchi haikuyaona kwa miaka. Anayesema "msimu wa maporomoko" hapa anasema tu kwamba miezi fulani ina matumaini zaidi kuliko mingine. Novemba haimo sana humo.

Na maji yakija hayakai. Mlima ni mtupu, udongo kidogo, msitu hakuna, kwa hiyo mvua ikigonga mwamba inateremka moja kwa moja. Wadi iliyokuwa changarawe saa saba mchana inaweza kuwa mto saa nane. Siku ya pili unakuta maporomoko mazuri, maji yameshatulia na kuanza kung'aa. Baada ya wiki imebaki michirizi. Sehemu yake imekwenda baharini au jangwani, na sehemu imemezwa na nyufa za mawe ya chokaa na kokoto za bondeni. Wenzetu walipofika na kukuta jiwe kavu walidhani maji hayapo. Mimi nasema hawakuyafuata.

Korongo lile linaingia Wadi al-Muaydin, na wadi hiyo inatokea Birkat al-Mawz, mji wenye mitende na migomba chini ya mlima, pale pale penye kizuizi cha polisi kinachokagua kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne kabla hujaruhusiwa kupanda. Kila mtu anayekwenda Jabal Akhdar anapita hapo, ananunua maji ya chupa, anaondoka. Ni wachache wanaoteremka garini kwenda kuangalia Falaji al-Khatmain, mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba, ambayo chanzo chake ni hiyo hiyo Wadi al-Muaydin. Maji yaliyoanguka magengeni yakazama chini ya kokoto yanakusanywa na mfereji wa chini ya ardhi, yanaletwa kwa mteremko mdogo sana, bila mashine yoyote, mpaka mjini. Hapo yanagawanyika mikondo mitatu iliyo sawa sawa. Falaji hii ni miongoni mwa tano za Omani zilizoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na nchi nzima bado zinatumika karibu 3,000.

Siku moja nilishuka kutoka Saiq nikiwa na hasira kama zao. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini kando ya mfereji, akanisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu. Kumbe amezaliwa Bububu, Unguja.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Juu, babu. Maporomoko hayana maji."

"Hayana? Njoo."

Akanishika mkono mpaka kwenye mgao. Maji yalikuwa yamefika nusu ya muundi, safi hata mchanga wa chini unauhesabu, na visamaki vidogo vya rangi ya matope vikikimbilia kwenye kingo tulipoinama. Visamaki hivyo ni wenyeji wa Hajar, na ndani ya Pango la al-Hoota kuna jamaa zao wanaoishi gizani bila macho. Mzee akaonesha kwa kidole kipande cha jiwe kinachofunga mkondo mmoja na kufungua mwingine. Zamu ya shamba la nduguye ilikuwa inakaribia kwisha, na yeye alikuwa amekaa pale anaisubiri.

Zamu hiyo ndiyo nataka wana grupu waielewe. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda. Kipimo chake ni athari, karibu nusu saa, iliyokuwa ikihesabiwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota zinazochomoza nyuma ya mlima. Falaji ina wakili wake anayeshika hesabu, na arifu anayesimamia nani anafungua lini. Athari hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, nyingine zimewekwa wakfu kwa msikiti. Watu walipoona kazi hii ilivyo kubwa walisema majini wa Nabii Suleiman ndio waliochimba, na mpaka leo aina inayochota chini kabisa huitwa daudi, kwa jina la Suleiman bin Daud. Ziko pia za aini, zinazoanzia kwenye chemchemi, na ghaili, zinazochota maji ya juu ya wadi na hukauka ukame ukizidi.

Sasa mtu anasema tutege pampu tupandishe maji gengeni kwa ajili ya picha. Maji ya nani? Ni ya mtende wa mtu, ya komamanga la mtu, ya mawaridi ya vijiji vya al-Ayn na ash-Shirayjah yanayochumwa Machi mpaka Mei na kuchemshwa kupata marashi. Visima vya pampu vilivyochimbwa kiholela vimeshazipunguzia nguvu falaji nyingi, na serikali imejenga mabwawa ya kuzamisha mafuriko ardhini, kuanzia lile la al-Khoudh mwaka 1985, ili kurudisha kidogo kilichopotea. Watu wamehangaika vizazi na vizazi wasipoteze tone, halafu sisi wa wikendi tuyapandishe juu yakauke kwenye jua ili nyuma yetu paonekane pazuri. Nikifikiri hilo naumia kweli.

Na lile genge kavu mmelitazama? Nalijua. Mwamba umepigwa mistari, meupe kwa meusi, pale maji yanapopita kila mara yanaporudi, na chini ya paa la jiwe kuna kangaga laini linaloota mahali ambapo hujui linakunywa nini. Ukiondoa kokoto za juu, mchanga una ubaridi wa maji. Kwenye dimbwi la mwisho viluwiluwi wa vyura wanagombania kina cha kidole. Na juu ya kichwa chako, juu kabisa ya mkono ulioinuliwa, kuna makuti na magogo yamekwama kwenye tawi la mti. Maji ndiyo yaliyoyapachika pale.

Nalikumbuka tawi lile kwa sababu ya kilichofuata kwenye grupu. Siku mbili baada ya malalamiko, mtu akatuma picha ya wingu zito juu ya Hajar. Watu wale wale wakaandika: inanyesha, twende sasa hivi, tukayawahi. Wengine wakaulizana nani ana nafasi garini.

Nawaomba kwa Mungu, msiende. Maporomoko ya jangwani mvua ikiwa inanyesha ni mafuriko, na korongo nyembamba halina pembeni pa kukimbilia. Juu yako mbingu inaweza kuwa safi kabisa huku mvua imepiga kilomita nyingi nyuma ya kilele, na unachosikia kwanza ni mawe yanagongana. Aprili 14, 2024, huko Samad al-Shan katika wilaya ya al-Mudhaibi, maji yalibeba gari lenye watoto wa shule. Hawakuwa wakifuata maporomoko wala picha. Walikuwa wanarudi nyumbani kutoka darasani. Nchi nzima ililia, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye grupu hili hili tukiandika innalillahi. Sheria ya barabarani inamwadhibu anayeingiza gari kwenye wadi inayoshuka, lakini mtu asingoje sheria kwa jambo hili. Wanaokuja kututoa majini nao wana watoto.

Naielewa furaha ya mvua hapa. Watu wanaoswali salatul istisqaa wakiomba mvua wana haki ya kutoka nje ikija, wakasimama ukingoni juu, wakatazama wadi ikishuka. Nimesimama nao. Lakini tulisimama ukingoni, na gari tuliliacha mbali.

Kuna jambo moja nitalikubali, ingawa silipendi: baadhi ya wanaouza safari wanatangaza picha ya siku moja ya mvua bila tarehe, kana kwamba genge linatiririka kila Ijumaa. Familia inajikusanya na watoto, inaendesha saa mbili na zaidi, inakuta jiwe kavu. Hiyo si haki. Picha iandikwe mwezi na mwaka, na maneno yaseme wazi kwamba maji hayana hakika. Huyo kijana wetu, kwa bahati, alisema.

Sabuni madimbwini, hapana. Droni juu ya nyua za watu, hapana. Kaptura katikati ya kijiji, vaeni kanga juu yake mpite.

Anayetaka maji yanayoanguka, asubiri mvua ya Januari au Februari inyeshe, iishe, mbingu ifunguke, ipite siku moja au mbili. Kisha asimame Birkat al-Mawz, aingie dukani, aulize kama wadi imeshuka na kama imetulia. Wenye duka wanajua, kwa sababu ndugu zao wana zamu. Wakisema imetulia, apande asubuhi, afuate alama za njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye mawe, na alasiri awe ameshatoka korongoni. Wakisema bado, ashuke pale pale kwenye mgao wa Falaji al-Khatmain na watoto wake, avue viatu, akae kando ya mfereji mpaka zamu ibadilike. Genge la Saiq alipande wiki nyingine.